Jina, Namba na Nishani: Kumbukumbu za Askari wa Force Publique kutoka Kasongo na Kabambare

1.0 Utangulizi

Askari mstaafu anapodai kwamba jalada lake halitaji nishani aliyoistahili, dai lake huonekana dogo, la karani na kalamu yake. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba, kwa askari wa kusini mwa Maniema waliotumikia Force Publique, yaani jeshi la koloni la Kongo, pengo hilo halikutokana na uzembe wa karani peke yake. Mizizi yake imo katika namna jeshi lenyewe lilivyoundwa. Askari alitengwa na kwao, akapewa namba, na jina lake likaandikwa kwa masikio ya wageni. Kwa hiyo kusahihisha jalada ni kazi ya mwanahistoria na ya mwanaisimu, kama ilivyo kazi ya ofisi.

2.0 Kabambare na sera ya kuwachanganya askari

Kasongo na Kabambare zilikuwa vituo kwenye njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuelekea Nyangwe. Katika vita kati ya Dola Huru la Kongo na watawala Waswahili na Waarabu, Kasongo iliangukia mikononi mwa Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare ikafuata Januari 1894. Dhanis alipewa hadhi ya baron. Nyota ya Utumishi, iliyoanzishwa mwaka 1889, iliwalenga hasa mawakala wa Dola kutoka Ulaya waliomaliza muda wao. Wapiganaji Waafrika, ambao bila wao Kasongo isingetekwa, hawakuwa na kumbukumbu za namna hiyo.

Miongoni mwa wapiganaji hao walikuwamo watu wa Ngongo Lutete. Kiongozi huyo alikuwa amejiunga na Dola, lakini maofisa wa Dola hiyohiyo walimhukumu na kumwua mwezi Septemba 1893. Mwaka 1895 askari waliasi Luluabourg. Mwaka 1897 uasi mwingine ulizuka katika msafara wa Dhanis uliokuwa ukielekea Mto Nile, na waasi wakashuka kusini hadi wakaiteka Kabambare mwishoni mwa 1898. Katika vitabu vya kikoloni matukio haya huitwa uasi wa Batetela, ingawa waasi walikuwa wa makabila mbalimbali.

Funzo ambalo watawala walilipata kutokana na maasi hayo ndilo linalogusa mada hii. Waliamua kwamba askari wa eneo moja wasiwekwe pamoja, wala wasitumikie karibu na kwao. Kila kikosi kikawa mchanganyiko wa makabila, na hatimaye Kilingala kikawa lugha ya amri katika jeshi lote. Tangu hapo kijana aliyeandikishwa Kabambare alikwenda kutumikia mbali, kwa lugha isiyo yake, chini ya maofisa wasioijua nchi yake. Jalada lake lilifuata kikosi, naye alipomaliza muda alirudi kijijini. Hivyo njia ya mtu na njia ya karatasi zake zikaachana.

3.0 Nishani iliyochelewa kuzaliwa

Vita Kuu mbili ziliupanua mwachano huo. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Jenerali Tombeur yaliingia Tabora. Baadaye jenerali huyo aliruhusiwa kuliongeza jina la mji huo kwenye jina lake, akawa Tombeur de Tabora. Askari Waafrika wa kampeni hiyo walikuwa takriban 15,000. Wapagazi walioandikishwa kwa ajili ya vita hukadiriwa kuwa 260,000, na Maniema, iliyokuwa kwenye njia ya kwenda ziwani, haikuepuka mzigo huo. Mji uliongezwa kwenye jina la jenerali, ilhali wengi wa waliobeba risasi na chakula hadi mji huo hawakuachiwa hata mstari mmoja wenye majina yao.

Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Kongo walipigana Abisinia mwaka 1941 huko Asosa, Gambela na Saïo, ambako Jenerali Gazzera wa Italia alisalimu amri mwezi Julai. Kikosi kingine kilipelekwa Nijeria, kisha Mashariki ya Kati, na hospitali ya kijeshi yenye wauguzi Wakongomani ilifika hadi Burma. Nishani ya Vita vya Afrika ya 1940–1945 ilianzishwa mwaka 1947, ikiwa na vibao vidogo vyenye majina ya baadhi ya sehemu hizo.

Mwaka huo wa 1947 unastahili kuzingatiwa. Muda wa kawaida wa utumishi ulikuwa miaka saba. Askari aliyeandikishwa mwaka 1938, hata kama vita vilimchelewesha kidogo, aliweza kuwa amekwisha rudi nyumbani nishani ilipoanzishwa. Jalada lililofungwa kabla ya nishani kuwapo haliwezi kuitaja, isipokuwa mtu alifungue tena kwa makusudi. Kwa Mbelgiji mwenye anwani na chama cha wapiganaji wa zamani, kulifungua jalada kulihitaji barua moja. Kwa mkulima wa mpunga wa Kasongo kulihitaji safari ndefu na mtu wa kumwandikia Kifaransa.

4.0 Tatizo la jina

Hata palipopatikana jalada, lilibaki swali la kuthibitisha kwamba mtu aliyeandikwa ndiye huyu aliyesimama mbele ya meza. Hapa isimu ina la kusema. Kasongo ni eneo la Uislamu wa zamani, na majina yake mengi yana asili ya Kiarabu yaliyopita katika matamshi ya Kiswahili cha Maniema. Ramadhani huwa Ramazani, Athumani huwa Asumani, Hamisi huwa Amisi. Kisha huingia tahajia ya Kifaransa: Juma huandikwa Djuma, Rajabu huandikwa Radjabu, Shabani huandikwa Chabani. Mtu mmoja aweza kuonekana mara tatu kwa sura tatu.

Kinyume chake pia hutokea. Amisi na Djuma ni majina ya siku, na Ramazani, Radjabu na Chabani ni majina ya miezi. Kwa hiyo watu wengi huyashiriki, na pasipokuwa na jina la baba na la kijiji watu kadhaa huonekana kuwa mmoja. Majina ya Kikusu, Kizimba na Kibangubangu nayo yaliandikwa na makarani wasiozijua lugha hizo. Ndipo namba ikawa kitambulisho cha pekee cha kuaminika, ilhali namba ndiyo kitu ambacho mjane na watoto hawakuwa na sababu ya kukikariri.

Mwaka 1972 serikali ya Zaire iliwataka raia waache majina ya Kikristo na kuchukua majina ya asili ya Kiafrika. Askari aliyeandikishwa kwa jina la ubatizo sasa alikuwa na cheti cha utumishi chenye jina moja na kitambulisho cha raia chenye jina jingine. Kabla ya hapo, mwaka 1964, Kasongo na Kabambare zilikuwa chini ya waasi wa Simba, na tangu 1996 zimepitiwa na vita vingine. Si rahisi karatasi iliyowekwa sandukuni kusalimika katika misukosuko hiyo yote.

5.0 Kutunuku si kusahihisha

Madai ya kuwatambua askari hawa si mapya. Paul Panda Farnana, Mkongomani aliyepigania Ubelgiji mwaka 1914 na kutekwa na Wajerumani, alianzisha mjini Brussels mwaka 1919 chama cha Union Congolaise, kilichowashughulikia pia Wakongomani waliopigana vita hivyo. Karne moja baadaye, tarehe 8 Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha Koplo Albert Kunyuku, mpiganaji mkongwe wa Vita Kuu ya Pili, Nishani ya Taji ya daraja la Kamanda mjini Kinshasa. Tukio hilo lilikuwa la heshima kubwa.

Hata hivyo, yafaa kutofautisha mambo mawili. Kutunuku ni hisani ya anayetoa, nayo humfikia anayechaguliwa. Kusahihisha ni kukiri haki iliyokwisha kuwapo, kwa sababu amri iliyoanzisha nishani ilitaja masharti, na aliyeyatimiza aliistahili tangu siku hiyo, awe hai au amekufa. Nishani moja mpya, hata iwe ya daraja la juu namna gani, haiongezi neno katika majalada ya wengine.

Mfano wa njia ya pili upo. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Lakini radhi ilikuwa mwanzo tu, kwani kazi iliyobaki ni kuyatafuta majina, moja baada ya jingine.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba pengo katika jalada la askari wa Kasongo au Kabambare lina historia yake: hofu iliyozaliwa na maasi ya 1895–1898, nishani iliyoanzishwa askari akiwa ameshaondoka, na jina lililopotoshwa na tahajia na siasa. Hatua mbili zinawezekana bila kusubiri amri ya mtu. Ya kwanza ni kutunga orodha linganishi ya majina ya Maniema na sura zake zote za maandishi, ili anayetafuta Hamisi asiishie kwenye herufi H. Ya pili ni kukusanya masimulizi ya familia yanayotaja kikosi, afisa, au mji wa mbali, na kuyalinganisha na nyaraka za kikoloni zilizohifadhiwa Ubelgiji na Kongo. Wajukuu wanaoyajua masimulizi hayo wangalipo, ila nao wanazeeka. Jalada linaweza kungoja miaka mingine mia, lakini mwenye kumbukumbu hawezi.