Lugha kongwe na mpya za kompyuta katika huduma za afya Kagera

WAGONJWA watatu wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba mkoani Kagera. Mwaka 2004, mpango wa Taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ya ukimwi (ARV) ulipoanza, lilijitokeza tatizo jingine: namna ya kutunza kumbukumbu za mtu atakayemeza dawa maisha yake yote.

Utaratibu uliowekwa ni wa kadi mbili. CTC1 hukaa na mgonjwa, CTC2 hubaki kliniki. Kwa miaka mingi yaliyoandikwa katika CTC2 yaliingizwa kwenye hifadhidata yenye jina hilo hilo, iliyojengwa kwa Microsoft Access, programu ambayo amri zake huandikwa kwa lugha ya jamii ya Visual Basic, iliyotoka mwaka 1991.

Waandishi wengi wa programu huidharau lugha hiyo. Hata hivyo, iliwezesha kazi nzima kufanyika kwenye kompyuta moja, bila seva wala intaneti. Kwa wilaya kama Muleba, yenye visiwa ndani ya Ziwa Victoria kikiwemo Bumbire, sifa hiyo si ndogo.

Udhaifu wake nao ulikuwa dhahiri. Faili la Access haliwezi kuzidi GB 2. Kila kituo kilikuwa na nakala yake, na kompyuta ikiibwa pasipo nakala ya akiba, data zilizoingizwa hupotea nayo. Kosa likisahihishwa katika programu, marekebisho yalipaswa kufikishwa kwenye kila kompyuta.

Mfumo wa DHIS, unaokusanya takwimu za afya, ulipita njia hiyo hiyo. Ule wa kwanza, uliobuniwa Afrika Kusini miaka ya 1990, ulitumia Access na Visual Basic. DHIS2, ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, uliandikwa upya kwa Java. Tanzania iliueneza nchi nzima kufikia mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishiriki.

Hapa data hukaa kwenye seva moja, hivyo ofisa aliyeko Bukoba na mwenzake wizarani huona takwimu zile zile, na marekebisho hufanywa mara moja tu. Lakini mtandao ukikosekana, takwimu hazifiki kwenye seva. Ndiyo maana zahanati nyingi ziliendelea kujaza vitabu vya MTUHA kwa kalamu, na fomu zikapelekwa wilayani kuingizwa.

Tofauti basi haitokani na umri, kwani Java yenyewe ilitoka mwaka 1995, miaka minne tu baada ya Visual Basic. Inatokana na mahali programu inapoendeshwa.

Aidha, takwimu za MTUHA ndani ya DHIS2 ni za jumla: idadi ya waliotibiwa, si dawa ya mtu fulani. Mgonjwa aliyehama Muleba kwenda Bukoba hakufuatwa na faili la kliniki yake ya zamani. Mhudumu mpya alianzia kwenye kadi ya CTC1 aliyokuja nayo mkononi.