Sehemu ya 4: Dawa ya maumivu ya saratani ilivyofika mpaka nyumbani

Tumeshaongea kuhusu dalili, vipimo na mionzi. Leo tuongee maumivu. Nitakupitisha kwenye historia kidogo, maana ukijua dawa ilikotoka, hofu inapungua.

Wodini nasikia sana: "Sista, msimpe morfini, hiyo ni ya kufia." Mgonjwa anaugulia usiku kucha, na dawa ipo. Jamani, tukae hapo kidogo.

Anzia London. Cicely Saunders alianza kama muuguzi. Mgongo ukamsumbua, akahamia ustawi wa jamii, halafu akasomea udaktari. Alipokuwa akijitolea kama muuguzi kwenye nyumba ya wagonjwa mahututi iitwayo St Luke's, aliona masista pale hawasubiri mgonjwa alie. Wanampa morfini ya kunywa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Mgonjwa anatulia, anakula, anaongea na watoto wake. Mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice, iliyojengwa kwa michango ya watu.

Afrika, hospisi ya kwanza ilianza Harare mwaka 1979. Mwaka 1990 ikaanza Nairobi Hospice, na daktari wake wa kwanza alikuwa Anne Merriman. Huyu mama alishafanya kazi Singapore, na huko yeye na wafamasia walipata njia rahisi: unga wa morfini unachanganywa na maji, inakuwa dawa ya kunywa, bei nafuu. Hakuna sindano, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuitumia akiwa kwake.

Mwaka 1993 akaenda Kampala kuanzisha Hospice Africa Uganda. Timu ilikuwa watu watatu: yeye na wauguzi wawili. Fedha waliyokuwa nayo ilitosha miezi mitatu tu! Lakini serikali ilikubali unga wa morfini uingizwe nchini, na wao wakawafuata wagonjwa majumbani, kwa sababu wengi hawakuwa na uwezo wa kufika hospitali.

Kikwazo kikabaki kimoja. Sheria ilitaka morfini iandikwe na daktari, na vijijini daktari yuko wapi? Anayepatikana ni muuguzi. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha sheria: muuguzi aliyesomea tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, anaruhusiwa kuandika morfini. Mwaka huohuo, hapa kwetu Arusha, wataalamu wa nchi mbalimbali walizindua chama cha tiba shufaa cha Afrika. Arusha hiyohiyo, hospitali ya Selian ilikuwa tayari ina timu inayowatembelea wagonjwa nyumbani.

Umeona mpangilio wake? Watu wa kujitolea walianza, wataalamu wakaungana, serikali ikafuata. Wangesubiri kila kitu kikamilike kwanza, wagonjwa wengi wangeumia bure.

Sasa turudi kwako. Kama una mama, shangazi au mume nyumbani mwenye saratani na anaumia:

1. Usimwambie avumilie. Mwambie daktari au muuguzi maumivu yako wapi, yanakuja saa ngapi, na kama yanamnyima usingizi.
2. Uliza waziwazi: "Hapa kuna huduma ya tiba shufaa?" Kama hakuna, uliza iliyo karibu ni ipi.
3. Akipewa morfini, mpe kwa saa alizopangiwa na kwa kipimo alichoandikiwa. Usiongeze, usipunguze, usimpe mtu mwingine.
4. Choo kigumu ni kawaida kwa anayetumia morfini. Omba dawa ya kulainisha choo mapema. Siku za mwanzo anaweza kusinzia sinzia. Lakini akiwa mgumu kuamka au anapumua polepole sana, mkimbize hospitali.
5. Chupa ifungiwe, watoto wasiifikie kabisa.

Kupewa morfini si hukumu ya kifo. Wapo wanaoitumia wakati matibabu yanaendelea, na maumivu yakiisha daktari anaipunguza taratibu. Hata yule ambaye hatapona, ana haki ya kulala usiku na kumbeba mjukuu wake bila kulia.

Mtumie ujumbe huu dada yako anayeuguza. Sehemu ya 5 tutaongea chakula cha mgonjwa asiye na hamu ya kula.