Rambo, mikroni 30 na nauli ya lori

Leo turudi nyuma kidogo. Wengi wetu tunasema serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2019. Hiyo haikuwa mara ya kwanza! Mwaka 2006, Dk. Ali Mohamed Shein akiwa Makamu wa Rais, ilikatazwa mifuko yenye unene chini ya mikroni 30. Hoja yenyewe ilikuwa nzuri: mfuko mnene hautupwi ovyo, utatumika tena, na mwokotaji atapata uzito wa kuuza.

Sasa niambie, mama anayeuza dagaa wa Kasanga sokoni Sumbawanga angepima mikroni kwa kitu gani? Mikroni 30 ni milimita 0.03. Rambo zikaendelea kama kawaida, na upepo wa Ufipa (mnaoujua mnaujua) ukazisambaza mashambani.

Tarehe 1 Juni 2019 kipimo kilibadilika. Mfuko wa plastiki wa kubebea, mwembamba au mnene, marufuku. Ukikutwa nao, faini kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au hadi siku saba ndani. Nadhani hapo ndipo sheria ilipopata nguvu, maana mkaguzi alihitaji macho tu. Ujanja haukukosekana: vile vifungashio laini vilivyoruhusiwa kufungashia bidhaa vikageuzwa mifuko ya kubebea, mpaka 2021 serikali ikalazimika kuvikataza visivyo na viwango.

Lakini chupa za maji zenyewe hazikukatazwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazikabidhi halmashauri taka ngumu, wakati wanunuzi wakubwa wa chupa wako Dar, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Sumbawanga. Lori la chupa tupu limebeba hewa, na nauli inameza bei ya kilo.

Zamani Ufipa ilikuwa nchi ya wafua chuma, wenye yale matanuru marefu, malungu. Jembe likichakaa lilirudi kwa mhunzi wa jirani, likafuliwa upya. Leo chupa inayorudi kazini ni ile inayowekwa mafuta ya alizeti, asali au maziwa, kwa sababu mwenye shida nayo yuko mtaa wa pili. Hakuna waziri aliyeagiza hivyo.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mashine ya kubana chupa hapo hapo Sumbawanga, na nauli ya lori walipe wenye viwanda vya maji na soda.