Tarehe chini ya bei: historia ndogo ya nyama ya mukebe

Wandugu wa kikundi, siku moja nikiwa Kibombo, mama alinituma nyama ya mukebe kwa duka moja karibu na reli. Niligeuza mukebe kutafuta tarehe. Pahali pa tarehe, mwenye duka alikuwa amebandika karatasi ya bei. Maandishi mengine yote yalikuwa ya Kireno, ya Brazil. Nikamuuliza: « Papa, tarehe iko wapi? » Akacheka: « Ee mutoto ya iniversite, mukebe haiozake! »

Nikalipa, nikatoka. Lakini mimi niliyesoma kilimo miaka mitano, nilijisikia haya: sikujua hata ni nani alidai kwanza kwamba mukebe useme kilicho ndani.

Zamani huku kwetu swali hilo halikuwa na kazi. Mbuzi ulimwona akichinjwa. Nyama ya pori iliyokauka kwa moshi, muuzaji unamjua. Akikudanganya, unajua nyumba yake. Reli ya Kindu–Kongolo ilimalizika 1910, na vitu vya mbali vikaanza kupita Kibombo kwa urahisi. Mukebe ni nyama isiyo na mutu wa kuulizwa. Pale njo sheria inaingia.

Na sheria moja kubwa ilitokana na kitabu. Mwaka 1906, Upton Sinclair alitoa riwaya The Jungle juu ya viwanda vya nyama vya Chicago. Yeye alitaka watu wawahurumie wafanyakazi. Wasomaji wakashtukia chakula chao! Rais Roosevelt alituma wachunguzi wawili, Neill na Reynolds, nao wakakuta uchafu wa kutosha. Tarehe 30 Juni 1906 alitia sahihi sheria ya ukaguzi wa nyama: mnyama akaguliwe kabla na kisha kuchinjwa, na jina la uongo kwenye bidhaa likatazwe. Wafanyakazi wenyewe, hakuna kitu walichopata pale.

Sasa sikieni hii. Senata Beveridge alikuwa ametaka mambo mawili zaidi: wenye viwanda walipe gharama ya ukaguzi, na kila mukebe uandikwe tarehe. Wenye viwanda walipinga yote mawili, na walishinda. Serikali ikalipa, tarehe ikatupwa. Kumbe ile karatasi ya bei ya Kibombo iko na babu yake Chicago.

Kisha likaja swali gumu zaidi: nyama ni nini? Msicheke. Kuna mashine zinazokamua mifupa mpaka mabaki yote yanatoka kama uji, na uji ule unaingia katika sosisi. Marekani iliweka vipimo, kwa mufano mafuta ndani ya sosisi za hot dog yasipite 30 kwa mia. Ulaya, kuanzia 2003, ilisema neno « nyama » kwenye orodha ni misuli ya mnyama tu, na mafuta yake yana mpaka: 25 kwa mia kwa ng'ombe, 30 kwa nguruwe. Ule uji wa mashine lazima uandikwe kwa jina lake. Kwangu mimi, hapa njo uzuri wa sheria: inalinda neno.

Hata hivyo karatasi inaweza kusema uongo. Januari 2013, wapimaji wa Ireland walikuta nyama ya farasi katika baga zilizoitwa za ng'ombe. Na Afrika ya Kusini, 2017 hadi 2018, bakteria ya listeria iliua watu zaidi ya 200, na kati yao kulikuwa watoto wachanga wengi. Watoto wa kreshi moja ya Soweto waliugua. Poloni iliyokuwa katika frigo yao ikapimwa, na njia ikafika mpaka kiwanda cha Polokwane. Siku serikali iliposema watu warudishe poloni ile, walijua irudishwe ipi kwa sababu jina la mutengenezaji liliandikwa pale.

Sisi tuna OCC, iliyozaliwa 1974 kwa jina la OZAC, na kazi yake ni kukagua bidhaa, pamoja na zile zinazoingia inchini. Lakini kati ya mupaka na duka la Kibombo kuna gari la moshi, pirogi na baiskeli, jua na mvua, na mikono mingi. Mwisho wa njia hiyo, mukaguzi ni mama anayenunua, na haelewi Kireno.

Nyumbani nilikwangua ile karatasi kwa kucha. Miezi nane ilikuwa imebaki. Tukakula na wali, ilikuwa tamu. Kesho yake nilirudi kwa papa, nikamuomba abandike bei upande mwingine. Aliniangalia kwanza, kisha akasema: « Sawa, leta mikono. » Tulibandua mukebe kwa mukebe mpaka mstari wa juu ukaisha. Miwili kati yake ilikuwa imepita tarehe tangu mwaka jana. Aliiweka chini ya meza bila kusema neno.