Kaseteriti ya Kivu na godoro la sponji

Mtu aliyewahi kubeba kaseteriti anaijua kwa uzito: mfuko mdogo tu, lakini mgongo unalia. Ni mchanga mweusi au wa kahawia unaochimbwa Kalehe, Shabunda, Mwenga na huko Maniema. Katika kemia ni oksidi ya bati, yaani bati lililoshikamana na oksijeni. Ikiwa safi, karibu asilimia 78 ya uzito wake ni bati.

Wabeleji waliichimba kwa nguvu kuanzia miaka ya 1930. Kampuni ya Symétain ilianzishwa mwaka 1932, ikafanya kazi Kalima. Wakati huo reli ya CEFAKI ilitoka bandari ya Kalundu, hapa Uvira, ikapita bonde la Ruzizi hadi Kamaniola. Japani ilipoteka Malaya mwaka 1942, Uingereza na Marekani zikakosa bati la Asia, na Kongo ikasukumwa kutoa zaidi. Vijijini, siku za kazi ya lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wazee walisimulia habari hiyo bila kujua bati lilikuwa linaenda wapi.

Lilikuwa linaenda wapi? Leo karibu nusu ya bati la dunia huunganisha nyaya ndani ya redio na simu. Sehemu nyingine hugeuzwa kuwa kichocheo, yaani dawa inayoharakisha kazi ya dawa nyingine. Katika kiwanda cha magodoro, vimiminika viwili vinachanganywa, gesi inavimbisha mchanganyiko kama mandazi, na kichocheo cha bati kinaufanya ugande haraka kabla gesi haijatoroka. Kisipotosha, sponji inaporomoka. Kinachotiwa hakifiki hata nusu ya asilimia moja. Familia iliyopoteza nyumba katika mafuriko ya mto Mulongwe, Aprili 2020, ikipewa godoro la sponji (matela), inalalia kazi ya bati.

Lakini mchimbaji hakuwahi kuwa na uhakika wa soko. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati lilishindwa kulipa madeni yake, bei ikaanguka, na SOMINKI, iliyounganisha kampuni za Kivu na Maniema mwaka 1976, haikuinuka tena. Wachimbaji wa mikono wakabaki na mashimo. Baadaye vita viliyafanya mashimo hayo kuwa mfuko wa wenye bunduki. Septemba 2010 Rais Kabila alifunga uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Waliolala njaa kwanza ni familia za wachimbaji. Oktoba 2012 mifuko ya Kalimbi, Nyabibwe, ilianza kufungwa kwa vitambulisho ili wanunuzi wajue imetoka wapi.

Kitambulisho kinaonyesha shimo, hakiongezi thamani. Manono, upande wa Katanga, kampuni ya Géomines iliyeyusha bati papo hapo tangu enzi za ukoloni. Kaseteriti ya Kivu imeendelea kuondoka ikiwa mchanga, kwenda kuyeyushwa Malaysia na kwingineko Asia.