Usambara Kwenye Tufe la Hitler

Kila inapofika Septemba 30, siku ambayo mwaka 1938 Waziri Mkuu wa Uingereza Neville Chamberlain alirejea kutoka Munich na karatasi yenye sahihi ya Adolf Hitler, hukumbukwa jinsi Chekoslovakia ilivyomegwa ili amani ipatikane. Ni nadra kukumbukwa kwamba miezi saba kabla yake serikali hiyohiyo ilikuwa imetaka kuinunua amani kwa ardhi ya Waafrika.

Sera hiyo ya kuwaridhisha madikteta, yaani kumpa mwenye kutishia sehemu ya anachodai ili asianze vita, iliigusa Tanganyika kwa sababu haikuwa koloni kamili la Uingereza. Ujerumani iliponyang'anywa makoloni kwa Mkataba wa Versailles wa 1919, Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini, maana yake Uingereza iliitawala kwa niaba ya Ushirika wa Mataifa. Walowezi wa Kijerumani waliruhusiwa kurudi kuanzia 1925, na Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, Chama cha Nazi kilipata wafuasi miongoni mwao.

Machi 3, 1938, Balozi Nevile Henderson alikwenda kwa Hitler mjini Berlin akiwa na pendekezo la Chamberlain: ukanda mpana wa katikati ya Afrika, unaoteremka hadi mto Zambezi, ugawanywe upya baina ya mataifa ya Ulaya, na Ujerumani ipate fungu lake. Henderson aliuonyesha ukanda huo kwenye tufe, na Tanganyika, pamoja na Lushoto ya milima ya Usambara ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, na Bumbuli iliyo nyuma yake milimani, ilikuwa ndani ya mipaka hiyo. Hitler hakufurahishwa, aliuliza kwa nini Ujerumani isirudishiwe tu makoloni yake ya zamani, kisha akasema suala hilo linaweza kungoja miaka kadhaa. Siku 9 baadaye majeshi yake yaliingia Austria.

Katika mazungumzo hayo hakuna Msambaa, mwenyeji wa milima hiyo, aliyeulizwa lolote, na hilo ndilo jambo zito kuliko yote. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika kwa kina juu ya ufalme wa Wasambaa, ameeleza jinsi Wajerumani walivyomnyonga Mputa, mwana wa Semboja wa ukoo wa kifalme wa Kilindi, mwaka 1895. Hivyo mwaka 1938 wazee waliokuwa watu wazima wakati wa tukio hilo walikuwa bado hai, huku London ikipima kama watawala wale warudi. Shule zinazofundisha Munich bila kufundisha habari ya tufe hilo zinawanyima watoto wa Usambara sehemu ya historia yao wenyewe.

Walowezi wa Kiingereza walipinga kwa sauti kubwa wazo la kuirudisha Tanganyika kwa Ujerumani, wakaunda mwaka huohuo Umoja wa Tanganyika, na mnamo Desemba Waziri wa Makoloni Malcolm MacDonald akakanusha bungeni nia ya kuyakabidhi makoloni. Vita vilipoanza Septemba 1939, Wajerumani walianza kutiwa kizuizini. Wamisionari wa Kijerumani wa Betheli, ambao misheni yao ilianzia Mlalo mwaka 1891 kabla ya kufika Bumbuli, nao hatimaye waliondolewa, na kazi ya kanisa ikabaki kwa wachungaji Waafrika wakisaidiwa na Walutheri wa Marekani.