Vyanzo vya takwimu za huduma za jamii Nungwi

Takwimu za huduma za jamii za Nungwi, mji wa wavuvi na mafundi wa majahazi ulioko ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, katika Wilaya ya Kaskazini A, hutoka katika sensa, tafiti za kaya na kumbukumbu za kiutawala, yaani maandishi yanayowekwa na ofisi na vituo wakati vinapotoa huduma. Vyanzo hivyo havihesabu watu wale wale wala kwa wakati mmoja, na ndiyo maana tarakimu mbili zinazotajwa kwa jina la Nungwi huweza kupishana pasi na yeyote kukosea. Mwenye dhamana ya takwimu rasmi za Zanzibar ni Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2007.

Sensa

Sensa ndiyo pekee inayokusudia kumfikia kila mtu, na idadi inayotolewa nayo ndiyo kigawanyo cha takriban asilimia zote zinazotajwa baadaye. Zanzibar ilihesabiwa tangu kabla ya Mapinduzi: sensa ya 1958 ilipata watu 299,111 katika visiwa vyote, na mwishoni mwa miaka ya 1940 Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliongoza uchunguzi mkubwa wa hali ya jamii ambao majedwali yake yangali na thamani kwa wanahistoria. Baada ya Muungano sensa zilifanyika 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kati ya mbili za mwisho, watu wa Zanzibar waliongezeka kutoka 1,303,569 hadi 1,889,773, na wa Mkoa wa Kaskazini Unguja kutoka 187,455 hadi 257,290.

Makarani wa 2022, waliotumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, waliuliza ni nani aliyelala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na kaya maana yake ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kwa kanuni hiyo mtu huhesabiwa alikolala, si kwao, na wageni wa mahotelini huhesabiwa wakiwa kundi maalumu. Kwa Nungwi kanuni hii ina uzito wa pekee, kwani mvuvi aliyekwenda dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi katika ufuo wa mbali, huingia katika hesabu ya huko aliko, ilhali mfanyakazi wa hoteli aliyetoka Tanzania Bara na kupanga chumba huingia katika hesabu ya Nungwi hata kama watoto wake wanasoma Tanga. Mwezi wa Agosti, isitoshe, huangukia msimu wa watalii wengi.

Kumbukumbu za afya

Kituo cha afya hujaza madaftari kila siku, na mwisho wa mwezi jumla zake hupelekwa wilayani na kuingizwa katika DHIS, programu ya kompyuta iliyoasisiwa Afrika Kusini na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Zanzibar ilianza kuitumia katikati ya miaka ya 2000. Asilimia ya watoto waliochanjwa hupatikana kwa kugawa idadi ya waliopewa dozi kwa idadi ya watoto inayokadiriwa kutokana na sensa. Hivyo kituo kinachopokea watoto wa shehia za jirani, yaani maeneo madogo ya utawala yanayosimamiwa na masheha, huweza kuonekana kimevuka asilimia 100, na shehia hizo zikaonekana zimezembea, ilhali watoto wote wamechanjwa.

Ufuatiliaji wa malaria, ulioanza kutumia simu za mkononi mwaka 2008 na kuimarishwa 2012 kwa mfumo wa Coconut Surveillance, umeepukana na kasoro hiyo. Kipimo kikionesha vimelea, kituo hutuma taarifa, na ofisa wa wilaya humfuata mgonjwa hadi nyumbani kwake, akawapima waliomo na kuuliza kama yupo aliyesafiri nje ya Zanzibar. Kwa kuwa kila mgonjwa huandikwa kwa nyumba anamoishi na si kwa kituo alikotibiwa tu, hiki ni miongoni mwa vyanzo vinavyoaminika zaidi visiwani.

Maji

Mamlaka ya Maji Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Na. 4 ya 2006, huhesabu wateja waliounganishwa na mabomba yake, na kwa hivyo visima vya mahoteli hubaki nje ya hesabu hiyo. Tarakimu zinazonukuliwa mno kuhusu maji ya pwani hii zilitoka kwa shirika la Uingereza la Tourism Concern, ambalo mwaka 2012 lilieleza kuwa kaya ya kijijini ilitumia kwa wastani lita 93.2 kwa siku na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Tofauti hiyo ni kubwa na ya kusikitisha, ingawa msomaji anapaswa kuzingatia kuwa kinacholinganishwa ni chumba na kaya, si mtu na mtu.

Elimu

Idadi ya wanafunzi hutoka katika taarifa za skuli zinazokusanywa kila mwaka na wizara ya elimu.

Daftari la sheha na pensheni

Sheha, ambaye majukumu yake yamo katika Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 8 ya 2014, huweka kumbukumbu za wakaazi wa shehia yake, na barua yake hutakiwa katika huduma nyingi. Umuhimu wa kumbukumbu hizo ulidhihirika Aprili 2016, Serikali ilipoanza kuwalipa wazee wote waliofikia miaka 70 pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kwani wengi wa umri huo hawakuwahi kuandikishwa walipozaliwa.

Tafiti za kaya

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2019/20 ulikadiria umaskini wa mahitaji ya msingi Zanzibar kuwa asilimia 25.7, kutoka 30.4 mwaka 2014/15. Tafiti hizi hutumia sampuli, yaani kaya chache zilizoteuliwa kwa bahati nasibu kuwakilisha nyingine, na sampuli hiyo haitoshi kuisemea shehia moja, kwa hivyo kiwango cha umaskini cha wilaya hakifai kuandikwa kuwa ni cha Nungwi.

Matumizi ya sasa

Mipango ya huduma hutegemea makadirio yanayotokana na sensa ya 2022, na kwa utaratibu wa miaka kumi sensa nyingine inatarajiwa 2032.